Meza ya picha kwanza, malango baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo muda wake unakaribia kutupita. Pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki ilianza kutolewa Kenya Septemba 2017, na Tanzania ikaizindua Januari 31, 2018. Ya mtu mzima hudumu miaka 10. Maana yake, kuanzia mwishoni mwa 2027 na mwaka mzima wa 2028, wale waliojitokeza mwanzo watarudi kwenye madirisha ya Uhamiaji kupigwa picha upya, na picha hizo ndizo zitakazowasemea mipakani hadi 2038. Mazungumzo mengi yanayosikika ni ya malango ya mipakani yanayofunguka kwa kuitambua sura ya msafiri: yawekwe wapi, yatapunguza foleni kiasi gani. Kuweka lango ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni ile picha iliyomo ndani ya chipu ya pasipoti, na picha hiyo haimo kwenye zabuni ya malango.

Wengi hudhani mashine ya langoni inamjua msafiri. Haimjui. Unaweka ukurasa wenye picha juu ya kioo, nayo inasoma mistari miwili ya chini, kila mmoja una nafasi 44 za herufi na tarakimu. Kutoka humo inachukua namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha inatengeneza ufunguo wa kufungulia chipu. Ndiyo sababu mistari hiyo ikichubuka au ikipakaa mafuta, chipu haifunguki hata kama ni nzima. Taarifa hutoka kwenye chipu kwa mawimbi ya redio yanayofika sentimita chache tu, na kazi hiyo huchukua sekunde kadhaa. Anayenyanyua pasipoti mapema huilazimisha mashine ianze upya. Majalada ya kujinunulia yenye utando wa bati ndani huzuia mawimbi hayo, kwa hiyo livue kabla hujafika kwenye kioo. Na pasipoti isibanwe pini ya stepla wala isikaliwe mfukoni mwa nyuma, kwani waya mwembamba wa antena ukikatika haushonwi.

Kisha mashine inakagua sahihi ya kidijitali. Kila nchi inayotoa pasipoti za namna hii ina cheti mama kinachothibitisha kwamba taarifa za kwenye chipu hazikuguswa tangu zilipoandikwa. Nchi inayomkagua msafiri lazima iwe na nakala ya cheti hicho, ama serikali zipeane zenyewe, ama kipatikane kupitia hazina ya vyeti inayosimamiwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO). Nakala ikikosekana, au ikiwa ni ya zamani ilhali cheti kimeshabadilishwa, pasipoti halali kabisa haikubaliwi langoni na mwenyewe anaelekezwa dirishani. Yeye hubaki akiamini sura yake ndiyo imekataliwa. Ingefaa Uhamiaji wa kila nchi yetu utangaze ni mataifa gani yameshapokea vyeti vyake, ili msafiri ajue aende langoni au dirishani moja kwa moja.

Hapo ndipo inapofika zamu ya kamera. Inapiga picha kadhaa, inahakikisha iliyo mbele yake ni sura ya mtu hai wala si karatasi au skrini ya simu, halafu inailinganisha na picha ya kwenye chipu na kutoa alama. Alama ikivuka kiwango kilichowekwa, lango linafunguka. Kiwango hicho huwekwa na binadamu. Ukikipandisha, wadanganyifu wanaopenya wanapungua, lakini wenye haki wanaokataliwa wanaongezeka; ukikishusha, mambo yanageuka. Mwongozo wa Frontex, wakala wa mipaka wa Ulaya, unataka mtu mwenye pasipoti ya mwenziwe asipite zaidi ya mara 1 katika 1,000, na katika kiwango hichohicho mwenye haki asikataliwe zaidi ya mara 5 katika 100. Hata hilo likitimia, ndege ya abiria 300 inaweza kuacha watu 15 wa kuhudumiwa dirishani. Kila mmoja akichukua dakika 2 kwa afisa mmoja, wa mwisho anangoja nusu saa. Anayepanga kupunguza maafisa siku lango linapowashwa hajapiga hesabu hiyo.

Sasa tuje kwenye sura zetu. Desemba 2019, Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani (NIST) ilitoa ripoti ya majaribio ya programu 189 za kutambua sura kutoka kwa watengenezaji 99, kwa kutumia picha zaidi ya milioni 18 za watu wapatao milioni 8.5. Kwenye picha nzuri za maombi, programu nyingi zilichanganya watu tofauti mara nyingi zaidi walipokuwa wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki kuliko walipokuwa wa Ulaya Mashariki. Tofauti yenyewe mara nyingi ilikuwa ya mara 10 hadi 100. Na kwenye picha duni, zile zilizopigwa mipakani, kosa la kumkataa mwenye haki lilikuwa kubwa zaidi kwa waliozaliwa Afrika na Karibiani, hasa wazee. Ripoti hiyohiyo inaonyesha pia kwamba programu bora kabisa zina tofauti ndogo sana. Kwa hiyo tatizo linatibika, ila halitibiki kwa kununua chochote kinacholetwa mezani.

Makosa hayo mawili tusiyachanganye. La kwanza ni la usalama. Kiwango kilichopimwa kwa nyuso za wengine kikawa 1 katika 1,000, kwetu kinaweza kuwa 1 katika 100, na mwizi wa pasipoti akatafuta tu ya mtu wanayefanana kidogo. La pili ni la heshima ya msafiri: kusimama mbele ya umati lango likiwa limekugomea. Ndiyo maana mzabuni asikubaliwe kwa karatasi za majaribio ya kwao. Aje ajaribu hapa, kwa picha za watu wa hapa walioridhia, wa pwani na wa bara. Mtu akilinganisha jozi 100 za watu tofauti asione kosa, hajathibitisha 1 katika 1,000. Ili adai hivyo kwa uhakika wa asilimia 95 anahitaji jozi zipatazo 3,000 zisizotoa kosa hata moja. Tena jozi ziwe za watu wa jinsia moja na umri unaokaribiana, kwa sababu kulinganisha bibi kizee na mvulana ni kujipa ushindi wa bure.

Lakini hata programu bora ikipewa picha mbovu haina la kufanya. Ninaomba viongozi wa Uhamiaji wasome aya zinazofuata kwa utulivu.

Kamera iliyoachwa ijipimie mwanga yenyewe hupima wastani wa picha nzima. Ukuta wa nyuma ukiwa mweupe pe, kamera huona mwanga umezidi, ikaupunguza, na ngozi nyeusi ikazama gizani. Kwa jicho la haraka picha inaonekana safi, maana ukuta unang'aa. Ila ukingo wa taya, mikunjo ya kope na mbavu za pua vimepotea. Kisha picha hiyo hubanwa, aghalabu hadi kilobaiti 15 au 20, na mbano huo hufuta kwanza tofauti ndogo zilizobaki kwenye giza. Fundi akitaka kurekebisha kwa flashi ya mbele, anazalisha kasoro nyingine: paji la uso na mashavu yenye jasho hurudisha mwanga kama kioo, na penye mng'ao programu haioni ngozi.

Tiba yake haihitaji mitambo ya ajabu. Taa mbili zenye kitambaa cha kulainisha mwanga ziwekwe kulia na kushoto, nyuzi 45 kutoka kwenye uso, juu kidogo ya macho. Taa ya tatu imulike ukuta peke yake. Ukuta uwe wa kijivu hafifu au buluu hafifu, usiwe mweupe, na mtu akae angalau nusu mita mbele yake ili kivuli chake kisionekane. Kamera iwe umbali usiopungua mita 1.2, katika usawa wa macho. Ikisogezwa karibu, pua inakua na masikio yanarudi nyuma, na hilo ni badiliko la umbo ambalo langoni halitarudiwa. Mwanga upimwe usoni kwa kila mtu. Hili lina uzito wa pekee kwa ndugu zetu wenye ualbino: mpangilio uliofungwa kwa ajili ya ngozi nyeusi huwafanya weupe tupu pichani, na taa kali huwalazimisha wafumbe macho, kwa hiyo mwanga wao upunguzwe na wapewe muda. Kati ya mboni mbili za macho kuwe na pikseli zisizopungua 90. Pawepo feni na karatasi laini za kupangusa jasho. Zipigwe picha tatu, na programu ya kupima ubora ichague iliyo bora hapohapo mwombaji akiwa bado kitini. Kumrudisha kitini huchukua dakika moja. Kasoro ikishaingia kwenye chipu, hubaki naye miaka 10.

Hijabu hairuhusiwi kuwa kisingizio cha kumsumbua mwanamke. Kinachotakiwa ni uso kuonekana kutoka kidevuni hadi kwenye paji, na mashavu yote mawili. Tatizo la kweli hapo ni kivuli cha ukingo wa mtandio kinachoanguka juu ya macho, na taa mbili za pembeni hukiondoa. Anayevaa nikabu atengewe chumba chenye pazia na afisa mwanamke, wakati wa picha na tena mpakani. Mahali pasipo na chumba hicho, malango yameshajengwa nusu.

Kuhusu picha za kuletwa kutoka mtaani, ningependa zikomeshwe kabisa. Studio nyingi hulainisha ngozi na kuing'arisha kwa filta kwa sababu mteja hupenda, na hapo huondoka makovu na alama nyingine za uso halisi. Ipo na hatari kubwa zaidi. Watafiti wa Italia walionyesha mwaka 2014 kwamba sura za watu wawili zinaweza kuchanganywa ziwe picha moja inayokubalika kwa wote wawili. Mmoja anaomba pasipoti kihalali, mwingine anasafiri nayo, na chipu, sahihi na cheti vyote vinasomeka sawasawa. Mwaka 2018 wanaharakati wa Ujerumani walipata pasipoti halali yenye picha ya namna hiyo ili kuonyesha udhaifu huo. Ujerumani imeacha kupokea picha za karatasi tangu Mei 1, 2025. Picha ipigwe mbele ya afisa, ndani ya ofisi, kwa kamera ya ofisi.

Wapo wasemao pasipoti zenyewe zinakwenda kuhamia kwenye simu, hivyo haya yatapitwa. Finland ilijaribu jambo hilo kuanzia Agosti 2023 uwanjani Helsinki kwa baadhi ya safari za Uingereza, ikawa ya kwanza duniani. Lakini hati ile ya simu ilichukuliwa kutoka kwenye chipu ya pasipoti, ikiwa na picha ileile. Picha mbovu ikihamia simuni inabaki mbovu.

Niseme pia kuhusu alama za vidole, kwa ufupi kiasi. Hapa kwetu kazi nyingi hula mistari ya vidole: saruji kwa mafundi, mafuta ya maganda ya korosho kwa akina mama wa Mtwara na Lindi wanaobangua kwa mkono, maji chumvi kwa wakulima wa mwani wa Unguja na Pemba. Uzee nao hukausha ngozi. Hina na piko vikipakwa hadi kwenye ncha za vidole, mashine zinazosoma kwa mwanga zinaweza kuona doa tupu, kwa hiyo bibi harusi mwenye miadi ya viza aache ncha zake wazi wiki tatu kabla. Wenye vidole vikavu wapake mafuta ya kulainisha kila usiku kwa wiki moja, siku yenyewe wasipake, wapanguse tu kwa kitambaa chenye unyevu. Dawa ya saratani iitwayo capecitabine inaweza kufuta alama za vidole kabisa. Mgonjwa mmoja kutoka Singapore alizuiwa kwa muda wa saa nne uwanjani Marekani kwa sababu hiyo, na daktari wake akaandika kuhusu kisa hicho katika jarida la kitabibu mwaka 2009. Anayetumia dawa hiyo asafiri na barua ya daktari.

Kwa waendao Ulaya, mfumo mpya wa kusajili kuingia na kutoka, EES, ulianza Oktoba 12, 2025 katika nchi 29, ukapewa miezi sita kukamilika na kuchukua nafasi ya mihuri ya pasipoti. Raia wa nchi zisizohitaji viza hutoa vidole vinne vya mkono wa kulia pamoja na picha ya uso. Sisi tunaoomba viza vidole vyetu 10 vimeshachukuliwa wakati wa maombi, hivyo mpakani huchukuliwa sura na vidole huhakikiwa na vile vya viza. Mtoto aliye chini ya miaka 12 hatoi vidole katika mfumo huo. Rekodi hukaa miaka 3, au 5 ikiwa mfumo haukuona umetoka. Mwenye kuondoka kwa njia ya nchi kavu ahakikishe kutoka kwake kumesajiliwa, na atunze tiketi.

Mipaka ya nchi kavu ni somo jingine. Namanga, Holili, Horohoro, Mutukula, Tunduma: basi linashusha watu 50 kwa mpigo, jua la jioni linapiga kutoka nyuma ya msafiri moja kwa moja kwenye kioo cha kamera, vumbi linakaa juu ya kisomeo, umeme unakatika. Lango la uwanja wa ndege haliwezi kuchukuliwa lilivyo likapandwa pale. Linahitaji paa lenye ukuta upande wa magharibi, betri ya akiba ya kutosha mpaka jenereta iwake, kioo cha kufutwa kila zamu, na nakala ya vyeti iliyohifadhiwa palepale ili mtandao ukikatika sahihi iendelee kukaguliwa. Abiria aliyekataliwa na mashine apelekwe kwenye dirisha lililo upande uleule, asirudishwe mwisho wa foleni, kwa sababu basi halimsubiri mtu. Tena wako wachuuzi wanaovuka mara tatu kwa siku na ndoo ya nyanya. Hao ukiwawekea lango moja lisilo na njia mbadala, utawaona kwenye njia za panya, na hapo nchi imepoteza hata ile rekodi iliyokuwa ikiipata kwa daftari.

La mwisho ni mahali zinapokaa taarifa. Lango linaweza kulinganisha uso na chipu kisha likafuta kila kitu. Hiyo ndiyo njia salama, na kwa raia anayerudi kwao inatosha. Kujenga kanzidata kuu ya nyuso za wasafiri wote ni uamuzi tofauti, na usiingizwe kimyakimya ndani ya mkataba wa malango. Mwaka 2019 mkandarasi wa idara ya forodha na ulinzi wa mipaka ya Marekani alihamishia picha za wasafiri kwenye mtandao wake mwenyewe bila ruhusa, akadukuliwa, na picha zipatazo 184,000 zikawa hatarini. Neno la siri likiibwa hubadilishwa. Uso hauna wa akiba. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake, Kenya na Uganda wana sheria zao za mwaka 2019. Mkataba uandike kwa saa, si kwa maneno ya jumla, picha ya langoni inafutwa baada ya muda gani. Umkataze mzabuni kubeba hata nakala moja kwa kisingizio cha kuboresha programu. Na kila anayefungua rekodi aache alama ya jina na saa.

Msomaji mwenye pasipoti mkononi aitazame leo chini ya mwanga wa dirisha. Kama haoni vizuri ukingo wa taya na mikunjo ya kope kwenye picha yake, atarajie kuelekezwa dirishani mara kwa mara, na apange muda wa kuunganisha ndege kwa kuzingatia hilo. Atakapokwenda kuomba mpya, aombe aonyeshwe picha kwenye skrini kabla haijahifadhiwa, na ikiwa ina giza aombe irudiwe. Afisa asimwone msumbufu.

Wako,
Mtaalamu wa mifumo ya utambulisho,
Tanga